Anayekaanga Bizari Haitikii Hodi

Usiku wa jana niliota mdalasini anakoroma, na mimi nimekaa kwenye benchi nje ya chumba chake nikisubiri aamke. Ukutani palikuwa na saa kubwa ya duara. Mimi ni fundi saa, kwa hiyo niliitazama. Saa ikanipa kisogo.

"Usinitazame mimi," ilisema. "Kwenye jambo hili mimi sina neno."

Nilisikia vibaya kidogo, maana saa ile niliwahi kuitengeneza.

Lakini ndoto hii haikuja bure. Ilizaliwa jana alasiri jikoni kwangu, hapa Tanga, kwa hiyo afadhali nianzie huko.

Mke wangu anaitwa Mwanakombo, ila mtaa mzima unamwita Mama Salha, na mtaa mzima unaijua pilau yake. Siri ya pilau hiyo wala si siri. Kabla ya kupika, huvikaanga viungo vyake vikavu, bila tone la mafuta, kwenye kikaango cha chuma alichorithi kwa mama yake. Kila kiungo peke yake. Vikishanukia anavimwaga kwenye sinia vipoe, ndipo anavitwanga. Yeye husema kiungo kisichokaangwa kimelala, na aliyelala hata umuulize nini hakujibu.

Pia ana sharti lake. Akiwa anakaanga, haitikii mtu. Upige hodi, ubishe mlango, umuite kwa jina la utotoni, hakujibu. Salamu ya Mungu anaijibu moyoni, nyingine zote zinasubiri. Watu wameshamzoea. Wakipita dirishani wakamsalimu, wakaona kimya, huambiana, "Leo kwa Fundi Semboja kuna pilau," na wanaendelea na safari zao bila kinyongo.

Basi, wakati wa masika Mama Salha aliugua homa na mafua makali. Homa iliondoka, lakini iliondoka na kunusa kwake. Tangu hapo hanusi moshi, hanusi mafuta ya taa, hanusi samaki aliyelala. Hayo yote aliyavumilia. Kisha binti yetu Salha akaja kujifungua kwetu, mtoto wa kwanza, msichana. Mama Salha alimpokea, akamwinamia utosini kama bibi yeyote anavyofanya, akavuta pumzi. Kisha akainuka, akamrudisha kwa mama yake, akaenda uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Nilimwona.

Sasa arobaini ya mtoto ni keshokutwa. Kwa upande wa mke wangu, pilau ya arobaini hutiwa viungo na bibi mzaa mama, si mtu mwingine. Ndiyo mila yao. Mama Salha alisema tumwite mpishi wa kukodi.

"Mimi sina pua, Baba Salha," alisema. "Nitakaanga kwa macho?"

Mimi nikasema nitakaanga mimi, yeye anielekeze. Nilijiona mwanamume wa maana. Jana alasiri nikawasha mkaa, nikakibandika kikaango. Yeye akakaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akichagua mchele.

"Dakika ngapi?" nikauliza.

"Mpaka inukie."

"Naam, lakini kama dakika ngapi?"

"Mpaka inukie, Baba Salha."

Maisha yangu yote nimekula kwa dakika, na hapa nilikuwa na mke asiyeweza kunusa akinifundisha kazi isiyo na kipimo kingine. Nikaona nipunguze mashaka: nikamwaga viungo vyote kwa pamoja, mdalasini, pilipili manga, hiliki, karafuu, giligilani na bizari nyembamba, ili viive siku moja kama ndugu. Yeye alinitazama, akanyamaza, akaupa mgongo moshi na kurudi kwenye mchele wake. Siku hizi ananyamaza sana.

Ndipo Mzee Mhina, jirani yetu, akapiga hodi.

Na mimi ni mtu wa adabu. Nilikwenda mlangoni na mwiko mkononi. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema njema. Za mzazi, njema. Za mgeni mdogo, anakua. Za mama yake Salha, tunamshukuru Mungu. Za miguu, hiyo inauma kidogo wakati wa baridi. Kisha ikawa zamu yangu kumuuliza zake, na Mzee Mhina ana watoto wengi na kila mmoja ana habari.

Tulikuwa tumefika kwa yule wa Korogwe niliposikia Salha akiita kutoka chumba cha ndani.

"Mama, mbona kunaungua huko?"

Nilirudi mbio. Kikaango kilikuwa kinafuka moshi mweusi, na mke wangu alikuwa pale pale, umbali wa mkono, akichagua mchele kwa utulivu kabisa. Aligeuka aliponiona nakimbia. Akatazama kikaango, akatazama mlango wa chumba cha ndani, ambako Salha alikuwa ameinusa harufu kupitia pazia na ukuta.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema, wala hakuwa akiniambia mimi.

Hakulia. Aliosha kikaango mwenyewe, akakining'iniza, akasema kesho nimtafute huyo mpishi. Usiku tukalala kila mmoja akitazama ukuta wake, nami nikaanza kuota.

Basi nimekaa kwenye benchi. Mlango unafunguliwa na ninaitwa kwa jina la baba yangu. Ndani kuna meza, na nyuma ya meza kimekaa kikaango cha mama mkwe, kimevaa miwani. Kwa kuwa kimenizidi umri, nakiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuwaamsha viungo wa pilau ya arobaini."

"Wa jana umewaona?"

Kinanyoosha mpini kuelekea dirishani. Nje ya dirisha kuna wodi ya wagonjwa, na kwenye kila kitanda amelala kiungo amefungwa bandeji. Bizari nyembamba wamelazwa kitanda kimoja wote, weusi tii. Naomba ruhusa, nakwenda kuwapa pole.

"Tumeshapoa," anasema mmoja wao, mdogo sana. "Ila tunashangaa. Sisi tulikuwa na usingizi mwepesi, tungeamka kwa kuguswa tu. Kwa nini ulitufungia chumba kimoja na Mdalasini? Ulipomaliza kumwamsha yeye, sisi tulikuwa tumeshakufa."

Niliwaletea machungwa, nikayaweka kwenye kabati la pembeni, nao wakashukuru.

Niliporudi ofisini, ofisi ilikuwa stesheni ya reli. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Garimoshi limesimama, mabehewa yake yametandazwa mbali mbali kama watu waliogombana, na kila behewa lina kiungo chake ndani. Kikaango sasa kimevaa kofia ya mkuu wa stesheni.

"Utawaamsha mmoja mmoja," kinasema. "Akiamka mteremshe hapo hapo, umpeleke kwenye sinia apunge upepo. Usimwache kwangu. Moto ukizimwa mimi sipati habari mapema, nitaendelea kumchoma huku nikidhani nafanya kazi."

"Na moto uko wapi?"

Kinaonyesha chini ya reli. Amekaa hapo Moto Mdogo, mtoto wa kutambaa, amelowa mate, anacheza na kijiti. Nilitaka kumpungia mkono.

"Usimchezeshe," kinasema Kikaango. "Akichezeshwa anakua, na akikua hapa hatumwezi."

Nikaurudisha mkono mfukoni.

Behewa la kwanza ni la Mdalasini. Mzee mrefu, amejikunja ndani ya mkeka wake mwenyewe, na anakoroma mpaka madirisha yanatikisika. Nasimama kichwani pake. Natazama saa yangu ya mkononi nijue nianze kuhesabu lini, na uso wa saa ni mweupe, hauna kitu.

"Mishale yako imekwenda kunywa chai," anasema Kikaango kutoka nje.

"Itarudi?"

"Mpaka inukie."

Basi nikawa sina la kufanya ila kunusa. Ni aibu kwa mtu wa umri wangu kukiri, lakini sikujua kunusa. Miaka yote nilikuwa nanusa kwa pua ya mke wangu. Yeye alisema maziwa yameharibika, nami nikaacha kuyanywa. Yeye alisema mvua inakuja, nami nikaanua nguo. Sasa nilisimama pale nikivuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda kilima, na nilichonusa ni chuma.

Nikavuta tena. Chuma, na vumbi la mti mkavu.

Kisha koromo likakatika. Na kabla Mdalasini hajafumbua macho, ilikuja harufu tamu, ya joto, nikakumbuka wazi wazi mkono wa mama yangu ukinipa kikombe cha chai nikiwa mgonjwa. Sikuwa nimeukumbuka mkono huo kwa miaka mingi.

"Hapo," nikasema. "Ameamka hapo."

"Kumbe unayo," akasema Kikaango. "Mpeleke kwenye sinia."

Nilimshika mzee mkono tukateremka. Sinia lilikuwa uwanja mkubwa wenye upepo, na katikati kulikuwa na viti. Mdalasini akakaa, akaomba maji ya kunawa uso.

"Si mara moja hivyo," akaniambia nilipotaka kumpeleka kwenye kinu. "Mtu anaamka, anapoa kwanza, ndipo anapelekwa kazini. Nyumbani kwenu mnapelekana kazini mkiwa na jasho la kitandani?"

Nikamwomba radhi.

Waliofuata niliwaona kila mmoja na tabia yake. Pilipili Manga aliamka kwa hasira, akaruka, akagonga dari, akauliza nani amemwita, na alipoambiwa ni pilau ya arobaini akasema angeambiwa mapema angevaa vizuri. Hiliki walikuwa na haya. Walitaka wageuzwe tu upande wa pili, watoe harufu yao kupitia nguo, wasivuliwe. Giligilani walianza kuzungumza kabla hawajaamka, wote kwa pamoja, wakipasukapasuka kwa vicheko, na harufu yao ilikuwa ya ngozi ya ndimu. Karafuu alikuwa mmoja tu. Nilipomwinamia alikuwa amekodoa macho.

"Mimi niliamka zamani," alisema. "Nilikuwa nawasikiliza."

Kila mmoja nilimjua kwa pua. Nilianza kufurahi, nasema kweli, na furaha yangu ilinitia kiburi kidogo. Likabaki behewa la mwisho.

"Hao wa mwisho ni Bizari Nyembamba," akasema Kikaango, na sauti yake ikashuka. "Usingizi wao ni mwepesi mno. Ukiwafikiria tu wanageuka. Kuanzia kuamka mpaka kuungua ni hatua moja, na hatua yenyewe fupi. Usisimame. Watembeze. Na sharti la nyumba unalijua."

"Anayekaanga bizari haitikii hodi."

"Wala salamu."

"Wala salamu," nikasema.

Naingia ndani ya behewa, na behewa si behewa. Ni kikaango chenyewe, kipana kama uwanja wa mpira, na mimi nimesimama katikati bila viatu. Sakafu ina joto kama mchanga wa saa saba mchana. Bizari wamelala kila mahali, wadogo, wa kijivu, wengi kupita watu wa sikukuu, nami natembea nikiwasogeza kwa nyayo, taratibu, kwenda na kurudi. Ukingoni kuna mlango umesimama peke yake bila ukuta.

"Hodi."

Ni Mzee Mhina. Mlango ule ni wake, ameubeba begani kutoka kwake ili apate cha kubisha.

"Hodi wenyewe. Habari za nyumbani?"

Natembea. Nasogeza.

"Za mzazi? Za mgeni mdogo?"

Jasho linanitoka. Mtu aliyekuzikia mama yako, mkashika jeneza pamoja, anakuuliza habari nawe unatazama miguu yako. Nilijiona mnyama. Mzee Mhina alisubiri, kisha akaanza kujijibu mwenyewe kwa sauti yangu. Alisema njema, alisema anakua, alisema miguu inauma wakati wa baridi. Alipofika kwa yule wa Korogwe akatosheka, akabeba mlango wake kuondoka.

"Uache huo," akasema Kikaango. "Kuna wengine."

Zikaja saa. Zote zilizowahi kupita mezani kwangu, za mkononi, za mezani, za ukutani, zimejipanga mstari kwa urefu kama watoto wa shule, na ile kubwa ya duara ndiyo kiranja.

"Shikamoo, Fundi," zikasema kwa sauti moja.

Marahaba ilinijaa mdomoni kama kiazi cha moto. Mkubwa kuamkiwa akanyamaza ni kumvunja mtoto moyo, na hizi nilizilea kwa mkono wangu. Niliimeza. Ikashuka ikiniunguza kifuani mpaka tumboni, na saa zikatazamana, zikaondoka zikiburuta minyororo.

Bizari wakaanza kugeuka. Kijivu chao kilikuwa kinaingia rangi. Harufu ilikuwa bado ya nyasi kavu.

"Hodi humu."

Sauti ile niliijua kabla sijainua macho. Mama mkwe wangu, marehemu tangu Salha hajaanza shule, amesimama mlangoni na kanga zake mbili, mpya. Mama mkwe nilimheshimu mpaka nikawa siwezi kula mbele yake. Alipokuwa hai, akipita upande huu wa barabara mimi nahamia ule.

"Mkwe wangu hajambo?"

Nikatembea. Machozi yalikuwa yamechanganyika na jasho, lakini nikatembea.

"Mkwe hanisikii?"

Kwenda na kurudi.

Alisikitika kidogo, nilimwona usoni. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa kanga.

"Haya," alisema. "Hilo sharti nililiweka mimi, siku niliyounguza pilau ya harusi kwa ajili ya shangazi mmoja mwenye maneno mengi. Nilitaka kuona kama wewe unaliweza." Akachungulia miguuni kwangu. "Upande wa kushoto umewasahau."

Nikakimbilia kushoto.

Alipoondoka nilidhani yamekwisha. Harufu ilikuwa inabadilika, nyasi zilikuwa zinaondoka na kitu kingine kilikuwa njiani, bado mbali. Ndipo mlango ukabishwa kwa upole sana, kama anayebisha hana hakika na nyumba.

"Hodi."

Alikuwa mwanamke mdogo, kimo chake hakizidi kikombe cha kahawa. Amejaa vumbi la safari. Mkononi ana mkoba uliokwisha pembe.

"Samahani," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikinusa kwa Mama Salha."

Miguu yangu karibu isimame.

"Wakati wa homa nyumba ilikuwa na joto jingi, nikatoka nje kupunga upepo. Nikapotea. Mimi njia naijua kwa harufu tu, na ile homa ilikuwa imezifunga harufu zote za nyumba ile. Nimepita mitaa na mitaa. Nimepiga hodi kwa watu nisiowajua. Naambiwa kuna mtoto kazaliwa, hata utosi wake sijaunusa." Akatazama huku na huku. "Je, ni hapa?"

Sijawahi kutaka kusema neno kama nilivyotaka kusema karibu. Neno lenyewe fupi. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikisema, bizari itaungua kama jana, na nyumba itanuka moshi mweusi, naye atasema hapana, nyumba yetu haikuwa ikinuka hivi. Nisiposema, atadhani hakuna mtu. Nilimtazama Kikaango anisaidie.

"Sharti ni sharti," alisema, lakini hakunitazama usoni, na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

Nikatembea. Nilikuwa nalia waziwazi, sioni bizari wala miguu yangu, nikisogeza kwa kukumbuka. Nilikuwa nawaambia moyoni, amkeni jamani, mimi mdomo wangu umefungwa, semeni nyinyi.

"Basi," akasema yule mgeni. "Nilidhani ni hapa."

Akainama akachukua mkoba wake. Akageuka.

Na hapo wakaamka.

Wote kwa pamoja, chini ya nyayo zangu, bila kelele. Rangi yao ikawa ya kahawa ya maziwa, na harufu ikasimama. Ilisimama kweli kweli, kwa miguu yake, mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni na unga mikononi. Ikanipita begani bila kunitazama, kwa mwendo wa mwenye nyumba. Ikafuta mikono kwenye kanga, ikafika mlangoni.

"Karibu," ikasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Yule mdogo akasimama. Akavuta pumzi, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili mpaka mabega yakapanda.

"Kumbe ni hapa," akasema. "Ni hapa hasa."

Akaingia, akaweka mkoba chini, akavua viatu. Mimi nikataka kuanguka kwa furaha, lakini Kikaango akanikoholea.

"Fundi, hujamaliza. Mimi bado nachoma. Unaipua sasa au bado?"

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimelia sana, pua imeziba. Sikunusa kitu. Mdalasini nilimjua, Hiliki niliwajua, na hawa wa mwisho, walio hatua moja tu kutoka kuungua, nikawa sijui. Nikainama nikachota konzi nzima kwa mkono mtupu, ikaniunguza, nikamgeukia yule mgeni mdogo. Yeye ndiye mwenye kujua. Akanitazama, akafumbua kinywa aniambie.

Nikaamka.

Ilikuwa alfajiri, dirisha limeanza kuwa jeupe. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi juu ya shuka. Mama Salha alikuwa macho, amenipa mgongo, kama tulivyolala.

"Baba Salha," aliita. "Umeamka?"

Sikumjibu. Si kwamba nilikuwa na kiburi. Nusu yangu ilikuwa bado mle ndani, na sharti lilikuwa bado limenifunga mdomo.

"Baba Salha."

Nikanyamaza.

Akageuka, akajiinua kwa kiwiko, akanitazama usoni akaona macho yangu yako wazi. Katika nyumba hii kuna sababu moja tu ya mtu aliye macho kuitwa asiitike. Niliona wazo hilo likimpita. Akakunja uso. Akainua kidevu kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa nyumba ya pili, akavuta pumzi, akaishikilia, akavuta tena.

"Imetosha hiyo," alisema. "Ipua."

Nilifungua mkono. Katikati ya kiganja palikuwa na punje moja ya bizari nyembamba, ya rangi ya kahawa ya maziwa, wala haikuungua. Ilikuwa na joto. Jikoni hapakuwa na moto. Baadaye nilikwenda kutazama, mkaa ulikuwa majivu baridi ya jana na kikaango kiko kwenye msumari wake.

Mke wangu aliichukua ile punje kwa ncha za vidole. Akaiweka chini ya pua, akafumba macho, na machozi yakamtoka bila sura yake kubadilika. Mimi nilikuwa naogopa hata kupumua. Kisha akainuka bila kutafuta kandambili, akaenda zake, nami nikadhani anakwenda jikoni. Hakwenda jikoni. Nikamsikia akipiga hodi kwenye chumba cha ndani, na Salha akiitikia kwa sauti ya usingizi, "Karibu, Mama."

Nilijua ameinama, na nilijua ameinamia wapi.

"Baba Salha," aliita baadaye kutoka huko ndani, na sauti yake ilikuwa imejaa maji. "Huyo mpishi wa kukodi usimwite."

"Naam," nikaitika.